Kuishi peke yangu si ushahidi kwamba sihitaji msaada

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu,
Kwa Waheshimiwa mawaziri wa afya na wa maji wa Serikali ya Kaunti ya Kitui,

Waheshimiwa,

KUH: WATU WAZIMA WENYE USONJI NA KAZI ZA NYUMBANI

Mimi ni mwanamke mwenye usonji. Nimepanga chumba katika ploti moja hapa sokoni Kwa Vonza, naandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa ndengu na wa vifaa vya ujenzi, nalipa kodi ya nyumba, nanunua tokeni za stima, na naishi peke yangu. Nimechagua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu pekee, na kwa sababu kila nilipolieleza faraghani lilipokelewa kama malalamiko ya mtu asiyependa kufagia.

Shida yangu ni hii. Mipango yenu inawajua watu wa aina mbili: asiyeweza lolote bila mlezi, na anayejiweza. Sisi wengine hatumo. Mimi naweza kusawazisha hesabu za duka za mwaka mzima, senti kwa senti, na siku hiyo hiyo nikashindwa kuosha sufuria niliyopikia juzi. Yote mawili ni kweli, na ni mtu yule yule. Kwa kuwa hamna fungu la mtu wa namna hiyo, uhuru wetu umebaki kutegemea bahati: jirani mwenye huruma, mama fua mwelewa, mwenye nyumba asiyechungulia dirishani. Bahati hizo zikikatika, tunarudishwa kwetu. Naomba mnisikilize kwa hoja hizi.

1. Msaada uliopo unamfungia nje mtu anayejaribu kujitegemea.

Mpango wa kuwapa fedha watu wenye ulemavu mkubwa, ulio chini ya Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Umekusudiwa kaya yenye mtu anayehitaji mlezi saa 24. Sizionei wivu kaya hizo. Shilingi 2,000 haziwatoshi hata wao, na ningependa ziongezwe. Lakini tazameni mpango huo unaniambia nini. Ili nifikiriwe, lazima kwanza nishindwe kabisa. Niache kazi, nirudi kijijini, nilale hadi mama aniletee uji, ndipo nianze kufanana na mtu mnayemtafuta. Nikijikaza nikaishi kwa jasho langu, nimejiondoa mwenyewe kwenye orodha.

Upande wa pili kuna msamaha wa kodi ya mapato. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti hatozwi kodi hiyo kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Ni jambo jema kwa mwenye mshahara mkubwa. Mapato yangu ya mwezi hayafiki shilingi 24,000, na chini ya kiwango hicho kodi ya mshahara haimgusi Mkenya yeyote, awe na ulemavu au asiwe nao. Basi msaada wa kwanza ni wa mtu asiyejiweza hata kidogo, wa pili ni wa mtu mwenye kipato kizuri. Katikati yao ndipo wengi wetu tunapoishi, na hapo hamjaweka kitu.

Nilipokwenda kupimwa kwa ajili ya usajili, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliambiwa hivi: “Umekuja mwenyewe, unajieleza vizuri, nguo zako ni safi. Una shida gani?” Nguo zilikuwa safi kwa sababu nilikuwa nimemlipa mtu kuzifua. Maneno yalitoka vizuri kwa sababu nilikuwa nimeyakariri. Hakuna aliyeniuliza jana nilikula nini, au mara ya mwisho nilibadilisha shuka lini, au inakuwaje muuza maji akifika langoni nikiwa kazini. Sehemu ya maisha yangu ambayo ulemavu wangu unaonekana waziwazi ni ile iliyo nyuma ya mlango wa chumba changu, na hiyo haipimwi popote.

Wala siombi hisani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinahusu haki ya kuishi kwa kujitegemea ndani ya jamii, na kinataja huduma za usaidizi nyumbani na msaidizi wa binafsi kuwa sehemu ya haki hiyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mikataba tuliyoiridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Mwaka 2025 tumepata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003. Sheria mpya huhitaji kanuni na miongozo ili ifike mlangoni kwa mtu. Barua hii ni ombi kwamba miongozo hiyo isiandikwe kana kwamba kazi ya kuosha vyombo hujimaliza yenyewe.

2. Kinachotushinda si uvivu, na ninaomba mkielewe kabla ya kukitafutia dawa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tunapohukumiwa.

Kufua kwa mikono, kwa watu wengi, ni kazi moja. Kwangu ni mlolongo: kutenga nguo nyeupe na za rangi, kukadiria maji, kuloweka, kukumbuka kwamba nimeloweka, kusugua, kusuuza, kumwaga maji bila kumletea jirani matope, kutafuta nafasi kwenye kamba, kutafuta vibanio, kuanua kabla ya vumbi la jioni, kukunja, kupanga. Kila kiungo ni uamuzi. Mtu asiye na usonji huvuka viungo hivyo bila kuvitambua, akizungumza na mwenzake huku akifua. Mimi navuka kila kimoja kwa kukusudia, na nikikatizwa katikati na mtu anayenisalimu, mara nyingi siwezi kurudi nilipoachia. Nguo hubaki ndani ya beseni hadi zinuke.

Kuanza ndiko kugumu kuliko yote. Naijua kazi, naitaka, nina sabuni, nina maji, na mwili hauinuki. Ndugu zangu huita hali hiyo uvivu. Mvivu hupumzika. Mimi nakaa kando ya lile beseni na wasiwasi hadi jua lichwe, na mwisho wa siku sijafua wala sijapumzika.

Kisha kuna hisi. Kitambaa kilicholowa kikigusa mkono juu ya kiwiko hunikera kiasi kwamba siwezi kufikiri lingine. Sabuni zenye manukato makali hunipa maumivu ya kichwa. Mabaki ya chakula yaliyolainika ndani ya maji ya vyombo hunichefua hata kabla sijayagusa. Vumbi la huku kwetu Yatta, lile jekundu, wakati wa kiangazi huingia ndani hata mlango ukiwa umefungwa. Nikikanyaga sakafu yenye chembe zake situlii, na nikitaka kufagia, mlio wa fagio kwenye saruji nao unaniumiza. Wengine wenye usonji hawana shida hizi hata kidogo, wana nyingine. Ndiyo maana tathmini ya mtu mmoja mmoja ni lazima.

Njaa nayo haijitangazi kwangu kama inavyojitangaza kwa wengine. Nikizama katika hesabu za wateja, naweza kufika usiku sijala, na ninachokihisi ni hasira na kutetemeka mikono. Wakati huo ndipo ninapotakiwa kuchambua maharagwe. Isyo na muthokoi, vyakula tulivyolelewa navyo, vinataka saa nyingi jikoni na jicho la mtu. Mtu anayepoteza hisia za wakati hafai kuachwa peke yake na makaa yanayowaka usiku, na huo ni usalama wa ploti nzima.

Nimesoma ushauri mwingi ulioandikwa ng'ambo kwa watu kama mimi. Pika kwa wingi siku moja, gandisha chakula cha wiki. Nunua mashine ya kuosha vyombo. Tia nguo kwenye mashine usiku. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye friji na bomba lisilokauka. Mimi sina friji, na katika joto la huku chakula cha Jumapili kimeharibika Jumatatu. Kwa hiyo nimejitungia utaratibu wangu. Nina sufuria moja, sahani moja na kikombe kimoja, ili vyombo visiweze kurundikana. Nina nguo chache zisizohitaji pasi. Ukutani nimebandika hatua za kila kazi, moja chini ya nyingine, na taarifa ya habari ya Musyi FM ndiyo inayoniambia sasa ni zamu ya kupika. Utaratibu huu unafanya kazi wiki ambazo hakuna kilichobadilika. Stima ikipotea, mgeni akija, mteja akitaka hesabu za haraka, wote unaanguka, na kuusimamisha tena kunachukua nguvu ambazo tayari zimekwisha.

Msaada mkubwa kuliko wote nilioupata haukutoka kwa daktari. Umetoka kwa mama fua. Huja siku ile ile, saa ile ile. Hutumia sabuni ya mche isiyo na manukato. Haondoi kitu mahali pake bila kuniuliza. Akifua, huniambia, “Leta sasa zile za kulalia,” na mimi naleta. Kumbe nikiwa na mtu chumbani anayetaja hatua inayofuata, naweza kuosha vyombo vyangu mwenyewe pembeni yake bila kukwama. Sauti yake inafanya kazi ambayo ubongo wangu umeikataa. Tibakazi ni taaluma inayosomewa katika vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC na yenye sheria yake tangu 2014. Hao ndio wanaomfunza mtu aliyepata kiharusi kufunga tena vifungo vya shati. Wao ndio waliostahili kunifunza hili. Nimefunzwa na mwanamke anayelipwa kwa beseni, ambaye akikosa kibarua cha kutosha hapa sokoni atahamia Machakos au Nairobi kutafuta kingine, na siku hiyo nyumba yangu itaporomoka.

3. Maji yasiyojulikana saa yake ni mzigo mzito kwetu kuliko mnavyodhani.

Hili nalielekeza kwa kaunti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kitui inasifika mbali kwa mabwawa ya mchanga, yale ya ukuta unaojengwa kukatiza mto wa msimu ili mchanga ujae na kuhifadhi maji chini yake. Uhodari huo wa kuhifadhi bado haujafika kwenye ploti zetu za kupanga. Bomba hukaa kavu kwa muda usiojulikana, kisha siku moja maji yanatoka usiku na kila mpangaji anakimbia na ndoo. Yasipotoka, tunanunua mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa punda au mkokoteni, kwa saa ambayo mwenye punda ndiye anayeijua.

Kwa jirani yangu hiyo ni kero. Kwangu, kila kazi niliyoipanga ukutani inategemea maji, na maji yasipokuwa na ratiba, ratiba yangu nayo haipo. Kubishwa hodi ghafla, kelele za ndoo, kusukumana kwenye bomba, kuamua papo hapo mitungi mingapi: baada ya hayo siwezi tena kupika siku hiyo. Siwaombi maji ya kila saa. Naomba tujulishwe. Ujumbe mfupi wa simu unaosema maji yatafunguliwa Kwa Vonza Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi ungemfaa mzee asiyeweza kukimbia, mama mwenye mtoto mchanga, na mimi.

4. Hatuhesabiwi, na mtu mzima mwenye usonji anachukuliwa kana kwamba hayupo.

Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Maswali yalihusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kumakinika, kujihudumia, na kuwasiliana. Swali la kujihudumia katika utaratibu huo ni la kuoga na kuvaa. Mimi naoga na kuvaa. Je, nani aliuliza kuhusu kupika, au kutunza nyumba? Mkipanga bajeti kwa takwimu hizo, mnapanga bila sisi.

Huduma nazo zimejengwa kumzunguka mtoto. Vituo vya tathmini ya elimu vilianzishwa nchini mwaka 1984, na kazi yao ni kumpima mwanafunzi na kumtafutia shule. Chama cha wazazi kilichoanza mwaka 2003, Autism Society of Kenya, kilipigania watoto wakati ambapo wengi walikuwa wakifichwa vyumbani, na nakiheshimu kwa hilo. Lakini watoto wa 2003 sasa ni watu wa miaka zaidi ya 20. Wamekwenda wapi? Wengine wamepanga vyumba humu humu, katika ploti zilizoongezeka tangu chuo kikuu chetu, South Eastern Kenya University, kilipopata hati yake mwaka 2013. Namfahamu kijana aliyesoma vizuri, akaishi peke yake, kisha akarudishwa kwao. Hakufeli mtihani wowote. Ndugu zake walimtembelea wakakuta anaishi kwa mkate mkavu na chumba hakiingiliki. Alihitaji mtu wa kumjia mara mbili kwa wiki. Sasa anakaa kwa kaka yake na hafanyi kazi yoyote.

Linganisheni kijana huyo na mtu mwingine. Mtu wa kwanza katika makala ya mwaka 1943 ambamo daktari Leo Kanner wa Baltimore alieleza usonji alikuwa mtoto aitwaye Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Donald alikua, akasoma chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Aliendelea kuishi katika nyumba ya familia hata baada ya wazazi wake kufa. Watu wa mji walimjua na kumzoea. Lakini familia yake ilikuwa na benki hiyo, na ilimwekea fedha za kumtunza. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayonihusu: kilichomwezesha kuishi vizuri hadi uzeeni kilikuwa jamii iliyomkubali pamoja na mali ya kununua msaada. Kwa Vonza inaweza kunipa la kwanza. La pili, kwa mtoto wa mkulima wa Ukambani, litatoka wapi isipokuwa kwenu?

Nchi nyingine zimeliona hitaji hilo. Sheria ya Uswidi iliyoanza kutumika mwaka 1994 inautaja usonji kwa jina na kumpa mhusika haki ya usaidizi katika maisha ya kila siku. Uingereza ilipitisha mwaka 2009 sheria inayoilazimu serikali kuwa na mkakati wa watu wazima wenye usonji. Sisemi tuige gharama zao. Nasema tuige kukubali kwamba mtu mwenye usonji hukua.

5. Aibu ya nyumba chafu humwangukia mwanamke.

Kaka yangu akiishi katika chumba kichafu, watu husema anahitaji mke. Mimi nikiishi katika chumba kichafu, watu husema mama yangu hakunilea. Nimeambiwa nimerogwa, nimeambiwa niombewe, nimeambiwa sitaolewa. Mwenye nyumba mmoja wa zamani alinipa notisi baada ya kuchungulia ndani nikiwa kazini. Kodi yake nilikuwa nimelipa yote. Kwa sababu hiyo siweki jina langu mwisho wa barua hii. Bado napanga.

Mkija na kampeni za Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, tafadhali msizungumze na wazazi wa watoto peke yao. Zungumzeni na wenye nyumba, wasimamizi wa ploti, na machifu katika baraza zao. Waambieni kwamba vyombo visivyooshwa si tabia mbaya, na kwamba kumpigia mpangaji simu kabla ya kubisha ni heshima isiyogharimu kitu.

6. Hapa Kwa Vonza tunajua tayari jinsi ya kulibeba jambo kama hili.

Msiseme halijawahi kufanyika. Hapa hapa kwetu kuna Nyumbani Village, iliyoanzishwa na Padri Angelo D'Agostino kwenye ekari 1,000 zilizotolewa na lililokuwa Baraza la Kaunti ya Kitui. Humo mabibi na mababu waliopoteza watoto wao kwa Ukimwi wanaishi na watoto yatima, kila kaya na mkubwa wake. Watu waliokuwa wakionekana mzigo, wazee kwa watoto, waliwekewa mpango wa nyumba, wa chakula na wa shamba, nao wakaishi kama watu wa nyumbani. Na kabla ya hapo, Ukambani ulikuwa na mwethya. Kina mama wanakusanyika leo kwa huyu, kesho kwa yule, wanachimba matuta, wanajenga, wanabeba maji. Hakuna aliyeitwa mvivu kwa kuhitaji mikono ya wenzake shambani. Nashangaa kwa nini mikono hiyo hiyo, ikihitajika ndani ya nyumba, inakuwa fedheha.

Kwa hiyo ninaomba haya:

(a) Baraza liandike mwongozo wa kumpima mtu mzima mwenye usonji, wenye maswali kuhusu kupika, kufua, usafi wa nyumba, kununua vitu na kulipa bili. Mtu aruhusiwe kujibu kwa maandishi, na mama fua, jirani au ndugu anayeijua nyumba yake aruhusiwe kutoa maelezo.

(b) Liwepo fungu la usaidizi mdogo kwa mtu asiyehitaji mlezi wa saa 24. Naanza na saa nne kwa wiki. Kwa mwezi hizo ni saa 16 hivi. Linganisheni na saa 24 za kila siku ambazo mlezi anazibeba tukishindwa. Malipo yaende moja kwa moja kwa wanawake wa hapa wanaofanya kazi hii tayari, kwa M-Pesa, baada ya mafunzo mafupi: jinsi ya kutobadilisha ratiba ghafla, jinsi ya kuuliza kabla ya kugusa, jinsi ya kutaja hatua bila kukaripia. Pesa hizo zitabaki katika soko la Kwa Vonza.

(c) Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchi nzima mwaka 2023 na wanaolipwa kwa ushirikiano wa serikali kuu na kaunti, wafunzwe kumtambua mtu mzima mwenye usonji anayeishi peke yake. Mkoba wao una kipimo cha shinikizo la damu. Uongezewe ukurasa mmoja wa maswali: umekula? una maji? nani hukujia?

(d) Mtaalamu wa tibakazi afike huku kwetu Lower Yatta kwa siku maalumu kila mwezi, na awatembelee watu majumbani mwao. Kunipima katika jiko la hospitali hakufai. Jiko langu liko hapa.

(e) Idara ya maji itume ratiba ya maji kwa ujumbe wa simu, na ratiba ikibadilika itume tena.

(f) Sensa inayofuata, itakayofikia wakati wake mwaka 2029, iulize kuhusu kazi za nyumbani, na Baraza lianze kulidai hilo sasa.

Kwa kaunti, maombi ya (b) na ya (d) yana tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30 kupita. Kisichoandikwa humo hakitalipwa.

Pamoja na maombi hayo, natumia haki yangu chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kujibu, kuomba habari tatu. Kwanza, watu wangapi wenye usonji waliozidi miaka 18 wamesajiliwa katika Kaunti ya Kitui? Pili, kaunti imeajiri wataalamu wangapi wa tibakazi, na wako vituo gani? Tatu, mtu mzima mwenye usonji hupimwa kwa mwongozo upi katika hospitali za kaunti hii? Nitapeleka nakala ya barua hii yenye jina na anwani yangu kwa ofisi zenu ili mpate pa kujibu.

Nitahudhuria kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kitakapofanyika karibu nasi. Nitakuwa nimevaa vifaa vya kuzuia kelele masikioni. Msinifikirie kuwa nasikiliza muziki. Naomba niruhusiwe kukaa karibu na mlango, kusoma maoni yangu kutoka kwenye karatasi, na kupewa maswali yenu kwa maandishi. Mkiweza kunitumia ajenda siku chache kabla, nitakuja na hesabu kamili ya gharama ya ombi la (b) kwa wadi yetu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi ninayoijua.

Wenu mwaminifu,
Mpangaji, Kwa Vonza
Kaunti ya Kitui